UCHAMBUZI: Ushirikiano wa utafiti wa afya sharti uanzie nyumbani

MGENI siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumkumbusha mgeni wajibu wake. Ni nadra, hata hivyo, kusikia mtu akiuliza iwapo mwenyeji mwenyewe ana shamba lililopimwa na jembe la kumpa huyo mgeni.

Swali hilo ndilo linalovikabili vitivo vya afya ya jamii katika vyuo vikuu vyetu tangu mwaka wa 2025 ulipoanza kwa kishindo.

Mnamo Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani aliagiza misaada ya maendeleo ya nchi hiyo kwa mataifa ya kigeni isimamishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe. Kufikia Julai 1 mwaka huo, shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi.

Kati ya matukio hayo mawili, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) zilitangaza Mei 1 kwamba hazingetoa tena ruzuku mpya ambazo chuo cha Marekani hupokea fedha kisha kuwagawia washirika wake wa ng'ambo, hadi utaratibu mwingine ubuniwe.

Huenda tangazo hilo lilionekana kwa wengi kuwa suala la makarani na hati zao. Kwa mtafiti wa Nairobi, Eldoret au Kisumu, hata hivyo, huo ndio uliokuwa mfereji wa maji. Mishahara ya wasaidizi wa utafiti, mafuta ya magari, kemikali za maabara na karo ya wanafunzi wa uzamifu ilipitia humo.

Pigo jingine lilitua Februari 2025 pale mpango wa kimataifa wa tafiti za idadi ya watu na afya, uliofadhiliwa na Marekani, ulipokatizwa. Kenya imekuwa ikifanya utafiti huo tangu 1989, na wa karibuni zaidi ulikuwa wa 2022. Humo ndimo serikali hupata idadi ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano na ya akina mama wanaojifungulia hospitalini. Ingawa baadaye wakfu wa Gates ulitoa fedha za kuunusuru mpango huo kwa muda, funzo lilikuwa limeshatolewa: hata hesabu ya watoto wetu ilitegemea bajeti ya bunge la taifa jingine.

Ni bayana, basi, kwamba wakati umewadia wa kutafakari upya jinsi ushirikiano wa utafiti unavyojengwa, na hasa ni nani anayeujenga.

Kazi ya wengi

Taaluma ya afya ya jamii haifanani na ya daktari anayemtibu mgonjwa mmoja kitandani. Huchunguza umma mzima: nani anazaliwa, nani anafariki, wapi na kwa nini. Huuliza kwa nini kipindupindu hurejea mtaa ule ule kila mvua inaponyesha.

Maswali kama hayo hayana jibu katika idara moja. Humhitaji daktari, mtaalamu wa takwimu, mwanauchumi na mwanasosholojia. Humhitaji pia mzee wa mtaa anayejua ni nyumba gani haina choo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa mtafiti wa afya ya jamii ushirikiano ndio kazi yenyewe.

Hata hivyo, si kila uhusiano unaopewa jina la ushirikiano unastahili kuitwa hivyo. Kuna maswali matatu ya kuupima. Nani aliyeuliza swali linalochunguzwa? Nani anayemiliki sampuli, takwimu na matunda yake? Na mfadhili akiondoka, kitabaki nini?

Funzo la Majengo

Mfano wa kwanza uko katika mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Canada, ulianza mwaka wa 1980. Prof Herbert Nsanze, aliyeongoza idara ya mikrobiolojia Nairobi, ndiye aliyemwalika Prof Allan Ronald wa Manitoba kuja kusaidia kuchunguza magonjwa ya zinaa. Ieleweke kwamba swali la kwanza lilitoka hapa, na mgeni akaitwa kusaidia kulijibu.

Watafiti hao walifungua kliniki kwa ajili ya wanawake wa Majengo waliojikimu kwa biashara ya ngono. Damu yao ilipopimwa mwaka wa 1985, takriban thuluthi mbili ya wanawake waliochunguzwa walipatikana na virusi vya Ukimwi. Katika miaka iliyofuata, ulimwengu ulishangazwa na kundi dogo la wanawake ambao hawakuambukizwa licha ya kukumbana na virusi hivyo mara kwa mara.

Miili ya wanawake hao iliwapa wanasayansi wa Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wazo la chanjo. Hapo ndipo mambo yalipoingia doa. Mwaka wa 2000, watafiti wa Nairobi waligundua kwamba wenzao wa Oxford walikuwa wamewasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, bila kuwajumuisha.

Kelele zilipigwa, magazeti yakaandika, na hatimaye pande husika zikaafikiana kuhusu kugawana umiliki. Chanjo yenyewe haikufua dafu ilipofanyiwa majaribio. Lau ingefaulu, je, makubaliano yangepatikana kwa urahisi ule?

Fauka ya hayo, wanawake wa Majengo waliotoa damu yao kwa miaka na mikaka walingoja hadi miaka ya 2000 ndipo dawa za kupunguza makali ya Ukimwi ziwafikie. Majina ya watafiti yaliandikwa katika majarida ya kimataifa, nao wakabaki kuwa nambari katika jedwali.

Si haki, hata hivyo, kuuona ushirikiano huo kwa jicho moja tu. Ndani yake walikuzwa wataalamu wa Kenya waliokuja kuongoza tafiti kubwa. Utafiti wa tohara ya wanaume mjini Kisumu, uliohusisha wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, ulifanywa na vyuo vikuu vya Nairobi, Illinois na Manitoba pamoja. Ulisitishwa Desemba 2006 kwa sababu manufaa yalikuwa yamedhihirika: tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Sera ya Kenya ilibadilika, na kampeni ya tohara ikaanzishwa Nyanza.

Eldoret: Tiba kwanza

Mfano wa pili unapatikana Bonde la Ufa. Chuo Kikuu cha Moi kilipokuwa kikianzisha shule yake ya udaktari, kilifungamana na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Madaktari wa Indiana walihamia Eldoret pamoja na familia zao na kufundisha, nao wanafunzi wa Moi wakapata nafasi ya kwenda Indianapolis kujifunza.

Kwa zaidi ya mwongo mmoja, uhusiano huo ulikuwa wa kufundishana na kutibu. Ukimwi ulipojaza wodi za hospitali ya rufaa, washirika hao walianzisha mpango wa AMPATH mwaka wa 2001, Eldoret na katika kituo cha afya cha Mosoriot. Msimamo wao ulikuwa kwamba tiba itangulie, utafiti ufuate.

Utaratibu huo una busara. Mgonjwa anayetibiwa ana sababu ya kumwamini anayemuuliza maswali. Isitoshe, miradi ya utafiti huko huwa na mtafiti wa Kenya sambamba na mwenzake wa Amerika Kaskazini, hivyo hakuna anayeweza kujitia kuwa mwenye mali.

Mosoriot ndiko pia kulikojaribiwa rekodi za wagonjwa za kompyuta, katika kituo cha mashambani ambako wengi wangedhani kompyuta haina kazi. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa programu ya OpenMRS mwaka wa 2004. Hii ni programu isiyolipiwa, inayotumika sasa katika nchi nyingi, na juu ya msingi wake Kenya imejenga rekodi zinazotumiwa katika vituo vyake vingi vinavyowahudumia wagonjwa wa Ukimwi.

Hata hivyo, Eldoret nako kulitikiswa na dhoruba ya 2025, kwani sehemu kubwa ya huduma zake za Ukimwi ilitegemea fedha za Marekani. Urafiki wa zaidi ya miaka 35 ulisaidia, lakini urafiki haulipi mishahara.

Pwani na mitaa ya mabanda

Kilifi, mpango wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu Nchini (KEMRI) na shirika la Wellcome la Uingereza ulianza mwaka wa 1989. Tangu 2000, watafiti wamekuwa wakifuatilia vizazi, vifo na uhamiaji wa watu wanaokaribia 300,000 wanaoishi karibu na hospitali ya kaunti.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Katika pwani ambako watoto hukua wakisikia habari za mumiani, mgeni anayekuja na gari na sindano kuchukua damu ya mtoto lazima ashukiwe. Watafiti walitambua kwamba karatasi ya idhini iliyotiwa sahihi haitoshi. Waliweka utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini, ambao hukutana na watafiti, huuliza maswali na kurudisha majibu nyumbani.

Kuaminiana huko kulizaa matunda mwaka wa 2020. Watafiti hao walishirikiana na idara ya taifa ya damu na kupima damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya Aprili na Juni. Takwimu za wizara zilikuwa zikitaja maelfu machache ya visa vya Covid-19, ilhali utafiti ulikadiria kwamba asilimia 4.3 ya Wakenya walikuwa tayari na kinga ya virusi hivyo mwilini. Maambukizi yalikuwa yameenea mno kuliko ilivyodhaniwa.

Zingatia kwamba utafiti huo haukuhitaji hospitali mpya wala misafara ya magari. Damu ilikuwa nchini na maabara ilikuwa Kilifi. Kilichohitajika ni taasisi mbili za umma kukubali kufanya kazi pamoja.

Jijini Nairobi, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika (APHRC) kilifanya jambo linalofanana na hilo. Utafiti wake wa mwaka wa 2000 katika mitaa ya mabanda ulionyesha kwamba watoto 151 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya umri wa miaka mitano. Wastani wa kitaifa ulikuwa 112. Imani kwamba mtoto wa mjini ana afya kuliko wa mashambani ilipata ufa. Baadaye kituo hicho kilianza kuwafuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani nyumba kwa nyumba.

Mwaka wa 2008, APHRC na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini viliongoza kuundwa kwa muungano wa CARTA, unaovihusisha vyuo vikuu vya Nairobi, Moi, Makerere na Ibadan miongoni mwa vingine. Lengo lake ni kuwasomesha wahadhiri wachanga shahada ya uzamifu wakiwa Afrika. Huu ni ushirikiano ambao mwenyeji na mgeni wote ni Waafrika, ingawa wafadhili wake wengi bado wako ng'ambo.

Kasoro za nyumbani

Tukiwalaumu wageni pekee tutakuwa tunajidanganya. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, kiwango hicho kimebaki kuwa ndoto. Serikali inayokiuka sheria iliyojitungia haina uso wa kumlaumu mfadhili anayefunga mkoba.

Vyuo vyenyewe viko taabani. Mgomo wa wahadhiri uliomalizika Novemba 2025 ulidumu siku 49, wakidai malimbikizo ya Sh7.9 bilioni. Mhadhiri asiye na hakika ya mshahara atakimbilia kazi ya ushauri ya wiki mbili inayolipa, wala hatasubiri utafiti wa miaka 10 utakaozaa matunda akiwa amestaafu.

Aidha, kuna ubinafsi. Si ajabu idara mbili za chuo kimoja, zilizotenganishwa na ukumbi tu, kuandika maombi mawili ya ruzuku kwa mfadhili mmoja bila kuambizana. Kuna afisi za fedha zinazochukua miezi kuidhinisha ununuzi wa vifaa, hadi mtafiti anaona heri aupitishe mradi wake katika shirika lisilo la serikali. Halafu kuna tasnifu za uzamili, zilizojaa takwimu kuhusu vijiji vyetu, zinazokusanya vumbi maktabani bila hata waziri wa afya wa kaunti husika kuonyeshwa muhtasari.

Wapo wanaoshikilia kwamba maskini hana la kuchagua, na kwamba fedha zikija zipokewe kwa masharti yoyote. Hoja hiyo ina uzito mgonjwa anapongoja dawa. Lakini inasahau kwamba katika utafiti wa afya ya jamii, Kenya si mwombaji. Rekodi za miaka mingi za Kilifi na Korogocho haziwezi kununuliwa dukani London wala Boston. Mwenye mali ndiye anayepaswa kutaja bei.

Lipi lifanywe?

Kwanza, vitivo vianze na jirani. Tangu 2013, huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali 47 za kaunti, ambazo zina maswali tele na uhaba wa watu wa kuyajibu. Kila kitivo kikitia saini mkataba na kaunti mbili au tatu, kikawapeleka huko wanafunzi wake wa uzamili kuchunguza maswali ambayo kaunti yenyewe imeyauliza, gharama itakuwa ndogo na jibu litakuwa na mwenyewe.

Wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, waliozinduliwa na serikali Septemba 2023, tayari hutembelea nyumba wakiwa na simu za kunakili habari. Kwa idhini ya wenye nyumba na kwa kuheshimu siri zao, huo ni msingi wa utafiti ambao mataifa mengi hayana.

Pili, chuo kiwe na afisi moja inayojua kuandika maombi, kusoma mikataba na kutoa hesabu kwa wakati. Hili ni jambo lisilovutia kamera, lakini ndilo linalomfanya mfadhili akubali kuzituma fedha Nairobi au Maseno moja kwa moja badala ya kuzipitisha kwa chuo cha ng'ambo. Afisi hiyo pia idai sehemu ya ruzuku ya kulipia umeme, maabara na usimamizi, jinsi vyuo vya Marekani vinavyojidaia.

Tatu, suala la umiliki liandikwe siku ya kwanza. Sampuli zitahifadhiwa wapi? Nani atatajwa kwanza katika makala? Hataza ikipatikana, itagawanywa vipi? Jamii iliyotoa damu itarudishiwa nini? Mwaka wa 2017, Wasan wa Afrika Kusini, jamii iliyochoshwa na watafiti wanaokuja na kutoweka, walitangaza kanuni zao za maadili ambazo mtafiti hutakiwa kuzifuata. Ikiwa wao waliweza, chuo kikuu chenye kitivo cha sheria kina kisingizio gani?

Wakenya wameanza kuamka kuhusu jambo hili. Desemba 4, 2025, Kenya ilitia saini mkataba wa afya na Marekani, ambapo Marekani iliahidi hadi dola 1.6 bilioni kwa miaka mitano na Kenya ikaahidi kuongeza dola 850 milioni zake. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda vipengele vya kupeana habari za afya za Wakenya, kufuatia kesi iliyowasilishwa na watetezi wa wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 ndiyo iliyokuwa miongoni mwa silaha zao.

Inafaa kujiuliza: katika mjadala ule mkali, vitivo vya afya ya jamii vilikuwa wapi? Hao ndio wanaojua tofauti kati ya takwimu za jumla zisizomtaja mtu na rekodi ya mgonjwa mmoja. Walipaswa kuwa wa kwanza kuwaeleza wananchi ni habari zipi zinaweza kutolewa bila madhara na zipi zisiguswe.

Nne, na pengine muhimu kuliko yote, Bunge liibane Hazina Kuu itekeleze sheria ya 2013 hatua kwa hatua. Hakuna anayetarajia asilimia mbili mwaka ujao. Lakini hata nyongeza ndogo isiyokatizwa ingewezesha chuo kuwaajiri watafiti wachanga na kuwabakiza, ili mshirika wa kigeni akija akute watu, mpango na swali.

Hayo yakifanyika, si lazima tufunge mlango. Magonjwa hayajui mipaka, na hakuna taifa linaloweza kuyakabili peke yake. Prof Nsanze alipomwalika mwenzake kutoka Canada mwaka wa 1980, alikuwa na idara yake, wagonjwa wake na swali lake. Wanafunzi wanaosomea afya ya jamii leo wanastahili kuingia katika chumba cha mazungumzo wakiwa na vitu vivyo hivyo, pamoja na kimoja ambacho wanawake wa Majengo hawakupewa: mkataba unaowataja waliotoa damu yao.